Simu ya upepo ya treni: kimya si ruhusa

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kuizungumza reli kana kwamba inaishia Nairobi. Tukisema treni tunakusudia SGR, Miritini mpaka Syokimau, basi. Tunasahau kuwa relwe ya wazee wetu ilianzia Mombasa mwaka 1896 na shabaha yake ilikuwa ziwa, na ziwa lilifikiwa tarehe 20 Disemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ndipo Kisumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi likatolewa kutoka Kisumu kwenda Butere, karibu kilomita 69, na ukilifuata tawi hilo utapita Kisian.

Kisian nakujua kwa sababu dada yangu ameolewa Kisumu na wakweze wana boma huko. Ni mahali ambapo barabara ya Busia na ile ya Bondo zinaachana. Watu wengi wa Kenya wanaijua kwa KEMRI, watafiti wa malaria. Mimi naijua kwa reli. Chini kuna ziwa, juu kuna vilima, na treni ikishaondoka hapo inaacha tambarare na kuanza kupanda kuelekea Maseno, pale mstari wa ikweta unapopita. Nimesoma diploma ya vyombo vya mawasiliano, na kila nikifika pale jambo moja hunijia: sauti ya kontrola inaufuataje huo mlima?

Leo nataka tulizungumze hilo, kwa sababu njia ya reli ya zamani bado inabeba watu, kwetu na kwao. Treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilirudi Disemba 2021 baada ya miaka mingi ya kusimama, kufuatia ukarabati wa kilomita 217 za Nakuru mpaka Kisumu. Tulishangilia mabehewa na nauli. Mambo ya mawasiliano hayapigwi picha, kwa hivyo hayazungumzwi.

Tuanze na msingi. Njia ya Kisian ni reli moja. Treni ya kwenda na ya kurudi zinatumia chuma hicho hicho, na hupishana stesheni peke yake. Treni haina usukani wa kukwepa, na treni nzito ya mizigo ikishakolea mwendo huweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama. Dereva akimwona mwenzake mbele yake, mara nyingi breki hazisaidii tena. Kwa hivyo usalama wote wa reli moja unasimama juu ya sharti moja: asiingie mtu kipande cha njia mpaka awe na ruhusa, na ruhusa ya kipande kimoja isiwe mikononi mwa watu wawili.

Zamani ruhusa ilikuwa kitu cha kushika. Katika reli nyingi duniani dereva alipewa kijiti au kibao cha chuma, na bila kibao hatoki. Kwingine ilikuwa karatasi: stesheni masta wa huku anauliza kwa simu ya waya, wa kule anajibu kuwa njia iko wazi, karatasi inaandikwa, dereva anaipokea mkononi. Ndiyo laini kilia waliyoizoea wazee wetu wa reli. Ilikuwa polepole, lakini ilikuwa na uzuri wake: karatasi haipotezi mawimbi.

Ubovu wake ulikuwa kwenye waya. Na hili si jambo jipya. Reli ilipopita nchi ya Wanandi, kuelekea ziwani, waya wa simu ulikuwa ukikatwa na kufanywa mapambo, na ukawa mmoja wa visa vya vita vya Waingereza na Wanandi mpaka kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mwaka 1905. Wao walikuwa na sababu zao, nchi ilikuwa yao. Miaka zaidi ya mia moja baadaye shaba ya reli bado inaibwa, na safari hii mwizi hana sababu ila kilo ya chuma chakavu.

Redio ilipokuja, ikaonekana ndiyo dawa. Hakuna waya wa kuiba njiani. Kontrola anakaa chumba kimoja, mbali, na anazungumza na madereva wote moja kwa moja. Stesheni ndogo zikapunguziwa watu, nyingine zikafungwa kabisa. Ruhusa ikawa waranti ya kusomwa kwa simu ya upepo. Kampuni ya Rift Valley Railways, iliyoichukua reli kwa mkataba mwaka 2006 na kuondolewa 2017, iliongeza kompyuta ndani ya injini na vifaa vya setilaiti vya kuonyesha treni iko wapi. Lakini kiini ni kile kile. Ruhusa iliyokuwa kibao cha chuma sasa ni maneno.

Na maneno yanahitaji adabu. Utaratibu wa waranti, popote duniani inapotumika vizuri, ni huu: kontrola anaisoma, dereva anaiandika kwenye fomu, kisha dereva anairudia neno kwa neno kutoka kwenye maandishi yake, si kutoka kichwani. Kontrola anasikiliza huku akifuata nakala yake. Ikilingana ndipo anasema ni sahihi na kutaja saa. Mpaka neno hilo la mwisho lisemwe, dereva hana kitu. Akifika, anaripoti kuwa treni yote imefika, na taa ya behewa la mwisho ameiona, maana behewa likikatika likabaki njiani, njia haiko wazi hata kama injini imefika.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa ofisini hawalioni haraka. Chukua majina. Kisumu, Kisian, Kibos, Kibigori: stesheni nne za upande mmoja, zote zinaanza na sauti moja. Redio ikikwaruza katikati ya jina, masikio yanajijazia yenyewe. Na sisi tusijione salama. Miritini, Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Mackinnon Road, zote ni M. Halafu hesabu zetu: sita na tisa ni herufi zile zile, s na t zimebadilishana nafasi. Mtu akisema saa tisa na dakika sita kwenye redio yenye kelele, Mungu ndiye ajuaye kilichoandikwa upande wa pili. Ndiyo maana kurudia si upole, na kutaja tarakimu moja moja si kupoteza wakati.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja wa Kisian aliyefanya kazi ya reli enzi za East African Railways. Watu wa pale wanamwita Jaduong', na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nilimuuliza, "Jaduong', siku redio ikinyamaza mlikuwa mkifanyaje?" Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyeuliza kitu kisichohitaji kuulizwa. "Tunasimama, mwanangu. Kwani kimya kimekwambia uende?"

Waswahili husema kimya kina mshindo mkuu. Kwenye reli ni kweli bila fumbo. Hatari ya redio si kwamba inakatika. Kila chombo hukatika. Hatari ni pale inapokatika kisha mtu akachukulia kuwa mambo ni kama yalivyokuwa mara ya mwisho aliposikia.

Na kukatika itakatika. Redio nyingi za treni za aina ya zamani zinatumia masafa ya karibu megahezi 150, jirani kabisa na chaneli 16 ambayo manahodha wetu wa Lamu na Shimoni wanaijua. Mawimbi hayo husafiri kama macho: yanakwenda mbali mahali peupe, na yanakufa nyuma ya mlima. Baharini unazungumza na mtu aliye mbali kwa sababu hakuna kitu katikati. Nchi ya reli ya Kisumu si bahari. Kutoka ziwani, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, njia inapanda mpaka zaidi ya mita 2,500 pale Mau, kwa madaraja na mahandaki na makorongo yaliyochimbwa kwenye mwamba. Tawi la Butere halipandi kiasi hicho, lakini linajikunja kati ya vilima, na redio ya mkononi ya wati 5 haiwezi kuuruka mlima wa Riat. Redio ya ndani ya injini ya wati 25 ina nguvu zaidi, lakini nayo haipenyi mwamba. Dawa ni vituo vya kurushia juu ya vilima, na kituo cha kurushia kinataka umeme, betri, uzio na mtu wa kukitazama. Betri ikifa usiku, kilomita kadhaa za reli zimekuwa bubu na hakuna aliyejua mpaka atakapoita.

Nje ya kimya, kuna kuzungumza wawili pamoja. Ukitoka Kisumu kwenda Kisian unapita uwanja wa ndege, na marubani wana somo lao la kale kuhusu hili. Tarehe 27 Machi 1977, Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya ardhi ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Mnara na ndege ya pili walizungumza sekunde ile ile kwenye masafa yale yale, rubani wa ndege iliyokuwa ikitimua mbio akasikia mlio badala ya onyo. Redio ya kushika na kuachia kitufe inaruhusu mdomo mmoja kwa wakati mmoja. Dereva wa treni anayebonyeza kitufe kusimulia habari za mechi anaziba masikio ya wote walio kwenye chaneli.

Lakini visa viwili vinavyonikaa rohoni zaidi ni vya reli, na vyote vya nchi tajiri.

Tarehe 4 Januari 2000, mahali paitwapo Åsta nchini Norwe, treni mbili za dizeli ziliingia kipande kimoja cha reli moja. Njia hiyo haikuwa na redio ya treni. Madereva walikuwa na simu za mkononi. Kontrola aliyekuwa mji wa Hamar alipoona kwenye skrini kuwa zinaelekeana, wakati bado ulikuwepo kidogo, lakini namba za simu za madereva hao hazikuwa pale alipozitafuta. Watu 19 wakafa. Sikiliza vizuri: vyombo vilikuwa vizima, mtandao ulikuwepo, mtu wa kuonya alikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi yenye namba sahihi.

Nakitaja kisa hiki kwa kukusudia, kwa sababu huku kwetu kila mtu anaamini simu ya mkononi imemaliza shida. Simu ya mkononi ni ya mtu. Dereva akibadilishwa zamu, namba imebadilika. Salio na chaji ni juu yake. Mtandao umejengwa kufuata watu na barabara, si kufuata reli, na siku ya mkasa kila abiria na kila mwanakijiji anapiga wakati mmoja. Zaidi ya hayo simu inamvuta macho mwenye nayo. Chatsworth, California, tarehe 12 Septemba 2008, dereva wa treni ya abiria alikuwa akiandikiana ujumbe, akapita ishara nyekundu na kuigonga treni ya mizigo. Watu 25 waliaga dunia, yeye akiwemo.

Cha pili ni Bad Aibling, Ujerumani, tarehe 9 Februari 2016. Hapo palikuwa na redio ya kisasa, GSM-R, yenye wito maalumu wa dharura ambao treni zote za eneo huusikia papo hapo. Mwelekezi wa treni alikuwa akicheza mchezo wa simu, akakosea, akaziruhusu treni mbili kuja uso kwa uso. Akagundua. Akapiga wito wa dharura. Lakini alichagua wito usio wake, ukaenda kwa watu wengine badala ya kwa madereva. Watu 12 walipoteza maisha, na yeye akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mtu mwenye hofu hasomi menyu. Kitufe cha dharura kinatakiwa kiwe kimoja, chekundu, na mkono wake uwe umeshakizoea kwa mazoezi.

SGR yetu, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, inatumia GSM-R hiyo hiyo, na huo ni mfumo mzuri kuliko redio ya kubonyeza. Una minara yake kandokando ya njia, na dereva hutafutwa kwa namba ya treni si kwa namba yake mwenyewe, yaani ugonjwa wa Åsta umetibiwa. Tanzania wamekwenda mbele zaidi kwa reli yao mpya ya Dar es Salaam mpaka Dodoma: ruhusa haisomwi kwa sauti, inapelekwa kwa redio mpaka kwenye kompyuta ya injini, na mfumo wa aina hiyo unaweza kupangwa ili mawasiliano yakikatika kwa muda uliowekwa, treni ijifunge breki yenyewe. Ni lile jibu la Jaduong' wa Kisian, limeandikwa kwa lugha ya mashine.

Hata hivyo mifumo hii ina unyonge wake. Oktoba 2022 watu walikata nyaya mahali pawili tu nchini Ujerumani, na treni za kaskazini ya nchi zikasimama karibu saa tatu. Agosti 2023 huko Polandi kuna aliyerusha milio mitatu ya redio, ile inayoamuru treni zisimame, na karibu treni 20 zikasimama. Redio hizo zilikuwa za zamani, bila siri yoyote, mtu yeyote mwenye kifaa cha bei rahisi angeweza. Lakini angalia kilichotokea katika visa vyote viwili: treni zilisimama. Watu walichelewa, walikasirika, walirudi nyumbani. Hivyo ndivyo ubovu unavyotakiwa kuangukia.

Kuna upande mmoja redio haiufikii hata iwe ya aina gani. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria kutoka Mombasa kwenda Nairobi iliingia mto Ngai Ndethya uliofurika. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Walikufa watu zaidi ya 100, na wengi walikuwa watu wetu. Hapo tatizo halikuwa sauti. Redio ni mdomo na sikio. Jicho ni kitu kingine. Lazima awepo mtu au chombo pale darajani kinachoona maji yakipanda, ndipo redio ipate cha kusema.

Watu wa Kisumu wanalijua hili kuliko sisi. Reli yao inakatiza tambarare ya Kano, na mto Nyando ukishuka na mvua za milimani hautoi taarifa. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda likavuka alama ya 1964, watu wakahama maboma yao ya ufukweni. Zamani kila kipande cha reli kilikuwa na genge lake la wafanyakazi, watu wanaotembea juu ya njia asubuhi na nyundo na spana. Magenge yakipunguzwa, macho yamepunguzwa, na hakuna redio inayofidia. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la kuifanya reli iwe ya kisasa kwa kununua vifaa peke yake.

Na macho yapo, bure. Mama anayeuza samaki kando ya reli pale Kisian, kijana wa bodaboda anayevuka reli mara 30 kwa siku, mchungaji wa ng'ombe. Hao ndio wanaoona tuta limebomoka au lori limekwama juu ya reli. Swali ni wampigie nani. Uingereza vivuko vingi vya reli vina ubao wenye namba ya simu ya moja kwa moja kwa mwelekezi wa treni, na jina la kivuko, ili mpigaji asihitaji kueleza "ni pale karibu na mwembe". Ubao wa bati na rangi. Hauhitaji mkopo kutoka China.

Tunaopanda treni pia tunayo haki ya kuuliza kabla ya kushangilia. Katika treni ya abiria, zaidi ya dereva, gadi wa nyuma ana redio yake inayofanya kazi? Mazungumzo ya kontrola yanarekodiwa, na rekodi zinasikilizwa lini: baada ya ajali peke yake, au kila wiki kukagua nani hairudii waranti? Dereva aliyesimama dakika 40 porini kwa sababu hakujibiwa, akifika anapongezwa au anaandikiwa barua ya kuchelewesha treni? Hili la mwisho ndilo zito. Mkubwa akimwadhibu dereva mara moja tu kwa kusimama, amewafundisha wote kuwa kimya ni ruhusa, na hakuna redio ya bei yoyote itakayolifuta somo hilo.

Kuhusu vilima, kazi yake inajulikana na si ya kitaalamu sana. Fundi mmoja na redio anapanda kiberenge Kisumu. Kila kilomita anasimama, anaita, anaandika: nimejibiwa, nimejibiwa kwa taabu, sikujibiwa. Anafanya hivyo mchana, anarudia usiku, anarudia msimu wa mvua. Kilomita 69 mpaka Butere hazizidi siku chache za kazi. Orodha ya mahali pasipojibiwa inabandikwa ndani ya kila injini, mbele ya macho ya dereva, na nakala moja ukutani kwa kontrola.